Swichi nyingi, pini moja: uchague njia ipi?

Una swichi tano na pini moja iliyobaki kwenye maikrokontrola, chipu ndogo inayoendesha kifaa chako. Skrini imechukua pini zake, moduli ya redio imechukua zake, na bodi imeshachapwa. Au pini zipo, lakini kebo inayokwenda kwenye paneli ya mbele ina nyaya mbili tu na hakuna upenyo wa kupitisha wa tatu. Ukiuliza mafundi utapewa majibu manne, kila mmoja akisimamia la kwake, na wote watakuwa wanasema kweli.

Tuanze kwa kuhesabu. Swichi moja ina hali mbili: imebonyezwa au haijabonyezwa. Swichi tano kwa pamoja zina hali 32. Pini ya dijitali, kwa dakika hiyo hiyo, inaona hali 2 tu, chini au juu. Zile 30 lazima ziende mahali. Ama unazitupa, ama unazipanga kwa ngazi za volteji, ama unazipitisha kwa zamu, moja baada ya nyingine. Kila mbinu utakayokutana nayo inaangukia katika mojawapo ya hizo, na anayejua anachoweza kukitupa amekwisha kumaliza nusu ya uamuzi.

Vipimo tutakavyotumia

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote: programu yako inahitaji kujua nini? Kwamba *kuna* swichi iliyobonyezwa, au ni *ipi*, au ni *zipi* zinapobonyezwa pamoja? Wengi huliruka swali hili wakaenda moja kwa moja kwenye mchoro, kisha wanashangaa mradi ukikwama.

La pili ni vifaa: unaongeza nini kwenye bodi, na mistari mingapi ya programu. La tatu, je, chipu inalala? Kifaa cha betri kinaweza kukaa usingizini siku nzima kikisubiri kidole kimoja, na si kila njia inaweza kukiamsha. La nne ni nyaya na hitilafu: waya ni mrefu kiasi gani, na ukikatika mashine itafanya nini? Mwisho, kila njia tutaitajia mtu inayemfaa.

Kwa mifano natumia volti 5 na chipu ya ATmega328P, ile iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno R3, yenye ADC (sehemu inayogeuza volteji kuwa namba) ya biti 10 inayosoma kuanzia 0 hadi 1023. Ukiwa na chipu nyingine, hesabu inabaki ile ile. Badilisha tarakimu tu.

Njia ya 1: kuziunganisha moja kwa moja

Mguu mmoja wa kila swichi unakwenda graundi (upande wa volti 0), na mguu wa pili wa zote unakutana kwenye pini. Rezista, kijenzi kinachobana mkondo wa umeme, ya 10 kΩ (kilo-ohm) inaivuta pini juu kuelekea volti 5. Swichi yoyote ikibonyezwa, pini inashuka hadi 0.

*Inachojua.* Kwamba kuna aliyebonyeza, basi. Abonyeze mmoja au wabonyeze watano, pini inaona kitu kimoja.

*Vifaa.* Rezista moja, na hata hiyo unaweza kuiacha, kwa sababu ATmega328P ina ya kwake ndani, kati ya 20 na 50 kΩ, na unaiwasha kwa mstari mmoja wa programu. Kwenye chipu nyingine, ESP32, uwe macho: pini za 34 hadi 39 ni za kupokea tu na hazina rezista hiyo ndani. Ukisahau kuweka ya nje, pini inaelea na kusoma lolote, hata mkono wako ukipita karibu.

*Usingizi.* Hakuna shida yoyote. Pini ikishuka, interapti, yaani ishara inayoikatiza chipu ishughulikie tukio, inaiamsha.

*Nyaya na hitilafu.* Hapa pana jambo la kutazama kwa makini. Waya ukikatika, swichi zilizo ng'ambo ya mkato zinakufa kimya kimya, na hakuna atakayejua mpaka siku zitakapohitajika. Kwa kengele ya mlango si neno. Kwa kinga ya mashine ni hatari. Hapo geuza mpango: chukua swichi ambazo kwa kawaida zimeunganika ndani, zipange mfululizo kutoka kwenye pini hadi graundi, pini ikae 0 muda wote na ipande pale yoyote inapokatisha njia. Sasa waya ukikatika nao unaipandisha pini, na programu inasimamisha mashine. Ujumbe ni ule ule. Kilichogeuka ni upande inakoangukia hitilafu. Hata mpangilio huo una udhaifu wake: nyaya mbili za kebo zikigusana kabla ya kufika kwenye swichi, pini inabaki 0 na kila kitu kinaonekana salama. Na swichi ya dharura inayolinda mkono wa mtu isiachiwe programu peke yake. Ikate umeme wa mota yenyewe, na pini ipewe taarifa tu.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji jibu la "yoyote kati ya hizi". Fikiria vitufe vya kuomba kushuka ndani ya basi: dereva hahitaji kujua aliyebonyeza ameketi kiti gani, anahitaji kujua kuna mtu anashuka.

Njia ya 2: dayodi, au geti la mantiki

Njia ya kwanza inazifunga swichi zote kwenye fundo moja, na zikishafungwa huwezi tena kuzitenganisha. Ikiwa kila swichi ina kazi yake nyingine pia, kwa mfano inawasha taa yake yenyewe au inakwenda kwenye pini yake, fundo hilo linaharibu: ukibonyeza moja, taa zote zinawaka. Dayodi ndiyo mlango wa upande mmoja unaozuia hilo. Kathodi, upande wenye mstari, unaelekea kwenye swichi. Anodi zote zinakutana kwenye pini ya pamoja.

*Inachojua.* Pini ya pamoja inajua sawa na njia ya 1, kwamba kuna aliyebonyeza. Tofauti ni kwamba kila swichi imebaki huru, na unaweza kuiuliza kwa njia nyingine baada ya kuamshwa.

*Vifaa.* Dayodi moja kwa kila swichi na rezista moja. Programu haibadiliki. Ila tazama volteji. Dayodi ya 1N4148 inabakiza takriban volti 0.6, kwa hiyo pini haifiki 0 kamili. ATmega328P kwenye volti 5 inahesabu chochote cha chini ya volti 1.5 kuwa "chini", kwa hiyo unapita kwa raha. Kwenye volti 3.3 mpaka huo unashuka hadi karibu volti 1, nawe bado unapita, lakini ukiweka dayodi mbili mfululizo unafika volti 1.2 na kusoma kunakuwa bahati nasibu. Dawa ni dayodi za Schottky, kama BAT85, zinazobakiza nusu ya hapo.

Kama si swichi tupu bali ni vihisi vyenye matokeo ya umeme, tofautisha aina mbili. Kihisi chenye chipu kama LM393 kinaweza tu kuvuta chini, na vingi vya namna hiyo huunganishwa pamoja bila dayodi. Kihisi kinachosukuma juu na kuvuta chini kwa nguvu kisiunganishwe hivyo kamwe: kimoja kikisukuma juu huku mwenzake akivuta chini, umeunganisha umeme na graundi kupitia matumbo ya chipu mbili. Vya aina hiyo vinataka dayodi au geti la mantiki, sakiti inayochanganya ishara kadhaa na kutoa jibu moja. Chipu ya 74HC32 ina mageti manne ya AU yenye miguu miwili ya kuingilia. 74HC30 ina geti moja lenye miguu minane: mmoja wowote ukishuka, tokeo linapanda.

*Usingizi.* Hapa ndipo dayodi zinapopendwa. Chipu nyingi huamshwa kwa uhakika kupitia pini chache tu za interapti. Swichi nne zinakwenda kila moja kwenye pini yake ya kawaida, na kupitia dayodi zote zinagonga mlango mmoja wa interapti. Chipu inaamka, inasoma pini nne, inajua ni nani.

*Nyaya na hitilafu.* Kama njia ya 1, na zaidi ya hapo dayodi moja iliyolehemiwa kinyume itaifanya swichi yake ionekane imekufa. Ukikuta hali hiyo, angalia mstari wa kathodi kabla ya kulaumu programu.

*Inamfaa nani.* Mwenye pini za kutosha lakini interapti chache, au anayeunganisha vihisi vya aina mchanganyiko.

Njia ya 3: ngazi ya rezista kwenye pini ya ADC

Hii ndiyo njia inayozungumzwa zaidi na inayoeleweka nusu nusu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pini inavutwa juu kwa rezista ya 10 kΩ. Kila kitufe kinakwenda graundi kupitia rezista yake: cha 1 bila rezista, cha 2 kwa 2.2 kΩ, cha 3 kwa 4.7 kΩ, cha 4 kwa 10 kΩ, cha 5 kwa 22 kΩ. Kila kimoja kikibonyezwa kinagawanya volteji kwa namna yake, na ADC inasoma 0, 184, 327, 512 na 703 kwa mfuatano huo. Hakuna aliyebonyeza: 1023. Programu inaweka mipaka katikati ya namba hizo. Volteji ya betri ikishuka hakuna kinachoharibika, maana ADC inajipima kwa umeme ule ule unaolisha rezista, na zote zinashuka pamoja.

*Inachojua.* Ni kitufe kipi, kwa sharti kwamba kimebonyezwa kimoja. Sharti hilo si dogo. Chukua vitufe hivyo hivyo vitano, bonyeza cha 4 na cha 5 kwa pamoja. Rezista za 10 na 22 kΩ zikiwa sambamba zinakuwa karibu 6.9 kΩ, na ADC inasoma 417. Mpaka wa katikati kati ya cha 3 na cha 4 ni 419. Programu itakuambia, bila wasiwasi wowote, kwamba umebonyeza cha 3, kitufe ambacho hakuna aliyekigusa! Ukiwa na multimita utaiona volteji ni sahihi kabisa, hakuna kilichoharibika, ndiyo maana kosa hili linakula saa nyingi za watu.

Ukitaka michanganyiko isomeke, punguza vitufe na uchague rezista zinazoongezeka maradufu. Kwa vitatu, 10, 20 na 40 kΩ pamoja na ile ya kuvuta ya 10 kΩ zinatoa hali zote nane zikiwa tofauti: 1023, 818, 682, 585, 512, 455, 409 na 372. Tazama zinavyobanana upande wa chini, ambako kati ya 409 na 372 kuna hatua 37 tu. Rezista zenye kosa la 5% zinaweza kuyumbisha usomaji kwa hatua 25 hivi, zikavuka mpaka. Za 1% zinayumba kwa hatua 5, zinatosha. Kuanzia vitufe vinne vya kubonyezwa pamoja, mimi ningehamia njia ya 4.

*Vifaa.* Rezista, hakuna kingine, na zinakaa kwenye paneli pamoja na vitufe, kwa hiyo nyaya mbili zinabeba vitano. Ndiyo sababu vitufe vya waya wa spika za masikioni vinafanya kazi hivi: mapendekezo ya Android ni karibu 0 kwa kucheza na kusimamisha, 240 Ω kwa kuongeza sauti, 470 Ω kwa kupunguza. Programu inataka uangalifu zaidi. Mguso wa swichi hudunda kwa milisekunde kadhaa, na wengi huweka kapasita, kijenzi kinachohifadhi chaji kidogo, ya 100 nF kwenye pini kuutuliza. Lakini kitufe cha 1 kikiachiwa, kapasita hiyo inajazwa taratibu kupitia 10 kΩ, na kwa karibu milisekunde 2 volteji inapanda ikipita kwenye makazi ya cha 2, cha 3, cha 4 na cha 5. Ukisoma wakati huo utaona kitufe cha uongo. Soma mara tatu kwa nafasi ya milisekunde 5, na ukubali jibu pale tu zote zinapoangukia kati ya mipaka ile ile.

Si kila chipu inafaa. ADC ya ESP32 haiko sawa karibu na mwanzo na mwisho wa kipimo, na pini za ADC2 hazisomeki Wi-Fi ikiwa inatumika. Tumia za ADC1 na uzikwepe kingo. ESP8266 ina mguu mmoja tu wa ADC, unaopokea hadi volti 1. Pini za Raspberry Pi hazina ADC kabisa.

*Usingizi.* Udhaifu mkubwa. Interapti inataka volteji chini ya 1.5. Kitufe cha 1 kinatoa 0 na cha 2 kinatoa 0.9, vinaamsha. Cha 3 kinatoa 1.6, cha 4 kinatoa 2.5, viko katika eneo lisilo na ahadi. Cha 5, kwa volti 3.4, kinaonekana kama hakijaguswa. Unaweza kupunguza rezista zote ili zishuke chini ya mpaka, lakini ngazi zinabanana. Vinginevyo kifanye cha 1 kuwa kitufe cha kuwasha.

*Nyaya na hitilafu.* Waya ukikatika inasomeka 1023, sawa na kutobonyezwa. Kuna tiba nzuri, ile inayotumiwa na mifumo ya kengele za wezi: weka rezista ya kudumu mwishoni mwa waya, kwenye paneli. Kwa 47 kΩ, hali ya kupumzika inakuwa 844, na vitufe vinahamia 0, 178, 306, 462 na 614. Ukiona 1023 sasa unajua waya umekatika. Kwa upande mwingine, waya mrefu unaopita karibu na mota unaokota kelele, na kelele kwenye ngazi ni kitufe kibaya, si kuchelewa tu.

*Inamfaa nani.* Paneli ya menyu, kitufe kimoja kwa wakati, kebo nyembamba, chipu yenye ADC inayoaminika.

Njia ya 4: kupitisha kwa zamu

Chipu ya 74HC165 inapiga picha ya swichi nane kwa mara moja, kisha inazitoa moja moja kwenye mguu mmoja kadiri unavyoipa mapigo ya saa (mipigo ya umeme inayohesabu zamu). Niseme wazi: pini ya *kupokea* ni moja, lakini unahitaji mbili za kutoa, ya kupiga picha na ya saa. Kama tayari unatumia SPI, nyaya za pamoja za kuzungumza na chipu nyingine, saa unaweza kuishiriki.

*Inachojua.* Kila kitu. Hali zote 256 za swichi nane, bila kukisia. Ukiunganisha chipu ya pili nyuma ya ya kwanza una swichi 16, na pini ni zile zile tatu.

*Vifaa.* Chipu, kapasita ya 100 nF karibu na mguu wake wa umeme, na rezista ya kuvuta kwa kila swichi. Miguu isiyotumika isiachwe ielee, na ule wa kuzuia saa uende graundi. Ukisahauliwa, picha inaweza isisogee. Programu ni mzunguko wa mara nane.

*Usingizi.* 74HC165 haigongi mlango, inasubiri kuulizwa. Ukitaka kuamshwa, ongeza dayodi za njia ya 2, au nenda kwa binamu zake wa I2C, mawasiliano ya chipu kwa nyaya mbili. PCF8574 (swichi 8) na MCP23017 (swichi 16) zina mguu wa interapti. PCF8574 inafuta interapti swichi ikirudi hali yake ya awali, kwa hiyo mguso mfupi unaweza kukupita chipu ikichelewa kuamka. MCP23017 inahifadhi picha ya wakati ule ule wa tukio, na ina rezista za kuvuta ndani.

*Nyaya na hitilafu.* Weka chipu karibu na maikrokontrola. Mapigo ya saa hayapendi kebo ndefu. Waya wa data ukikatika, utasoma zote zimebonyezwa au zote hazijabonyezwa, kutegemea pini imevutwa upande gani, na programu inaweza kulitilia shaka hilo.

*Inamfaa nani.* Swichi sita na zaidi, vitufe vinavyobonyezwa pamoja, ala za muziki, vidhibiti vya michezo.

Kwa hali yako

Ukitaka kujua tu kwamba mlango wowote umefunguka, unganisha moja kwa moja, na ikiwa usalama unahusika tumia mfululizo wa swichi zinazokatisha. Vihisi vikiwa vya aina tofauti, au chipu ikiwa na interapti moja na pini za kutosha, weka dayodi.

Kwa paneli ya vitufe vitatu hadi vitano mwisho wa kebo ya nyaya mbili, ngazi ya rezista, pamoja na ile ya mwisho wa waya. Kabla ya kuilehemu kwenye bodi, ijaribu kwenye bredibodi (ubao wa majaribio usiohitaji kulehemu) kwa kubonyeza kila jozi ya vitufe, jozi zote kumi, na uandike namba unazoziona. Jozi ikiiga kitufe kingine cha hatari, kama kile cha kufuta, badilisha rezista au uhamishe kazi ya kitufe.

Vitufe vikiwa vingi, au mtumiaji ana vidole viwili na atavitumia vyote, 74HC165. Betri ikiwa ndogo na vitufe vingi, MCP23017 na mguu wake wa interapti. Na kama chipu haina ADC wala nafasi ya chipu ya pili, lakini vitufe ni viwili tu, tazama upya bodi yako kabla ya yote: mara nyingi kuna taa ya ishara iliyokalia pini ambayo hakuna anayeitazama.